Komyuniti koleji ipi nafuu kweli, New York au California? Shemeji kanivuruga

kijana_wa_Makorora

Wakuu habari za saa hizi. Naomba mawazo kwa mlioko Marekani, hasa mliopita komyuniti koleji, hivi vyuo vya serikali vya miaka miwili, maana hapa nyumbani ugomvi unanukia.

Iko hivi, tulipata grinkadi ya DV, ile bahati nasibu ya viza, mimi na mke wangu na mtoto mmoja, tumeingia New York mwezi wa kumi mwaka jana, tunakaa Yonkers. Mimi nabeba boksi usiku kwenye ghala, wife yuko nyumbani na mtoto ila anataka kusoma unesi na mimi nimekubali kabisa. Sasa kaka yake yuko San Diego, kila akipiga simu wimbo ni ule ule, njooni huku, koleji za California yuniti moja dola 46 tu, huko New York mnaibiwa mchana kweupe. Nikaingia kwenye tovuti ya CUNY, vyuo vya jiji la New York, nikakuta krediti moja, ndiyo hiyo yuniti, dola 210, na akisoma fulltaimu ni dola 4,800 kwa mwaka. Nikapiga hesabu ya shemeji, 46 mara yuniti 30 za mwaka mzima inakuja 1,380. Tofauti ni dola 3,420 kila mwaka jamani, hiyo kwa mbeba boksi ni miezi ya kodi.

Halafu kuna jirani yetu katuletea karatasi za chuo kimoja cha binafsi, unesi wa LPN, ule wa ngazi ya chini, wanasema unamaliza haraka na mambo ya mkopo wanakushughulikia wao hapo hapo ofisini, wewe unasaini tu. Hicho bei yake ni elfu thelathini na kitu. Mke wangu kakipenda kwa sababu hakina foleni.

Na la mwisho, nina mpwa wangu Moshi kamaliza form six, naye ananibana anataka kuja kwa viza ya mwanafunzi aanzie hizi hizi koleji kwa sababu kasikia ni rahisi.

Tuhame au tubaki? Watu wa povu naomba mpite pembeni leo.

mama_wa_Kimara

Karibu sana mdogo wangu, na usihame kwanza. Mimi nilisoma CUNY nikiwa na watoto wawili kwa hiyo haya mambo nimeyala kwa meno.

Kosa liko hapa, unalinganisha bei za kwenye tovuti wakati hizo bei si zako bado. Dola 210 ni bei ya mkaazi, na mkaazi kwa CUNY ni mtu aliyekaa jimbo la New York miezi 12 kabla semista haijaanza. Nyie mmeingia Oktoba. Mkeo akikimbilia semista ya Agosti hii anahesabika mtu wa nje, na mtu wa nje analipa 320 kwa krediti, na kwake ile ofa ya bei moja ya fulltaimu haipo, anahesabiwa krediti moja moja. Akichukua 15 ni dola 4,800 kwa semista MOJA. Ile ile namba uliyoiona wewe ukadhani ni ya mwaka mzima. Akivuta subira mpaka semista ya Januari anakuwa ametimiza mwaka, anaingia kwenye 210, au 2,400 kwa semista kama ni fulltaimu. Kungoja miezi mitano kunawaokolea nusu ya ada, hakuna kazi ya ghala inayolipa hivyo.

La pili, nyie mko Yonkers, ambayo si New York City ingawa Bronx mnaiona dirishani. Yonkers iko kaunti ya Westchester. Huku New York komyuniti koleji zinachangiwa na kaunti, kwa hiyo mtu wa kaunti nyingine akija kusoma anatakiwa alete cheti cha ukaazi kutoka kaunti yake, ndiyo kaunti yenu ilipe fungu lake. Usipoleta unalipishwa bei ya mtu wa nje hata kama umezaliwa hapa hapa New York. Nimeona watu wanalia pale ofisi ya bursar, ya kulipia ada, kwa sababu ya karatasi moja. Mkitaka kukwepa hilo la CUNY ipo Westchester Community College pale Valhalla, hiyo ndiyo koleji ya kaunti yenu, ila uliza usafiri kwanza maana basi za Bee-Line na mtoto mchanga na ratiba ya klasi ni mtihani mwingine.

Tatu, juu ya ada kuna fii ndogo ndogo. CUNY fulltaimu ada ya teknolojia peke yake ni dola 125 kila semista, kuna ya shughuli za wanafunzi, na unesi unakuja na yake, yunifomu, chanjo, bekigraundi cheki, viatu, stethoskopu, na mwisho mtihani wa leseni ya unesi, NCLEX, dola 200.

Nne ndiyo kubwa. Grinkadi inawafungulia FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Ukijaza, na kipato chenu kikiwa cha chini, kuna Pell Grant, hiyo si mkopo hairudishwi, kiwango cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka. Ukiwa nayo yote ada ya 4,800 inafunikwa na chenji inabaki mnarudishiwa. Mkishatimiza mwaka kuna na TAP, msaada wa ada wa jimbo. Kwa mtu wa namna hiyo New York na California zote ni sifuri na shemeji yako anapigia debe hewa.

ILA hujasema mkeo kasoma mpaka wapi Tanzania. Jibu hilo kwanza kwa sababu linaweza kubomoa nusu ya niliyoandika hapa.

pwani_hadi_pwani

Niko San Diego hapa City Heights, watu wa Afrika Mashariki tumejaa, kwa hiyo nazungumzia ninachokiona.

Shemeji yako hajakudanganya ila kakupa bei yake yeye. 46 ni kweli, na haijapanda tangu 2012, sijui kitu gani kingine California hakijapanda tangu mwaka huo. Lakini ni ya mkaazi, na huku ukaazi ni mwaka mmoja na siku moja kabla ya semista kuanza, wakiwa na ushahidi kwamba umehamia kweli, leseni, kodi ya jimbo, mkataba wa nyumba. Mtu wa nje analipa ile 46 halafu juu yake kuna ada ya mtu wa nje ambayo kila wilaya ya koleji inapanga yake, na sehemu nyingi ni zaidi ya dola 300 kwa yuniti. Hata ukiweka 300 kavu, yuniti 12 ni 3,600, jumlisha 552 za ile 46, semista moja hiyo.

Sasa angalia, nyie saa yenu ya New York imebakiza miezi michache igonge mwaka. Mkihama leo inarudi sifuri, mnaanza kuhesabu upya huku mwaka na siku moja. Ina maana wife aidha analipa bei ya kutisha au anakaa bure mwaka mzima akimsikiliza kaka yake.

Uzuri wa huku ni kwamba ukishakuwa mkaazi na kipato kidogo kuna kitu wanaita California College Promise Grant, inafuta ile 46 yote. Na siku hizi kwenye ratiba ya masomo kuna alama kabisa ya klasi zisizo na gharama ya vitabu, usizidharau, kitabu cha anatomia na namba yake ya kufungulia mazoezi ya onlaini vinaweza kuzidi ada ya klasi yenyewe huku kwetu. Mimi nilikuwa nachagua klasi kwa hiyo alama kwanza, mwalimu baadaye.

Ubaya ni nyumba. Chumba kimoja na sebule huku kinapita dola elfu mbili, najua Yonkers nako si mchezo, ila huku bila gari hamuendi popote, weka gari, bima, mafuta, stika ya kupaki koleji. Ile 3,420 unayodhani umeiokoa inaishia kwenye bima na matairi. Na unesi wa huku foleni, koleji nyingine wanapanga kwa pointi nyingine kwa kura, unaweza kumaliza masomo ya awali yote ukakaa unasubiri jina litoke.

Msalimie shemeji, mwambie wa City Heights kasema apunguze kampeni.

wa_Nyeri_Minnesota

😂😂 Shemeji wa San Diego ako na commission nini.

Mimi nitajibu ya huyo kijana wa Moshi kwa sababu naona hapo ndio pesa itapotea. F-1, hiyo viza ya mwanafunzi, ni dunia ingine kabisa. Yeye hana FAFSA, hana Pell, hana TAP, hana Promise, na kukaa mwaka mmoja hakumfanyi mkaazi vile nyinyi mnafanya, F-1 anaweza kukaa miaka mbili na bado analipa bei ya mtu wa nje. Kwa hivyo ile story ya "komyuniti koleji ni rahisi" kwake ni rahisi tu ukilinganisha na yunivasiti, si rahisi ukilinganisha na mfuko wa mtu.

Kabla hajapanda ndege, kuna ada ya SEVIS, ya kusajili mwanafunzi wa kigeni, dola 350, kuna viza yenyewe 185, na wakimnyima viza hiyo ya viza imeenda, harudishiwi. Koleji haiwezi kumpa I-20, ile fomu ya kuombea viza, bila benki stetimenti kuonyesha pesa ya mwaka wa kwanza iko, ada pamoja na pahali pa kulala na chakula na bima ya afya. Na ubalozini watamuuliza nani analipa. Akisema ni mjomba, mjomba ndio wewe unabeba boksi usiku na uko na mtoto, sasa jiulize kama karatasi zako zitabeba huo mzigo.

Akifika lazima achukue krediti 12 kila semista, na klasi ya onlaini inayohesabika kwa hizo 12 ni moja pekee, kwa hivyo asifikirie atasoma kwa simu huku akifanya kazi. Kazi ni ndani ya kampasi tu, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na mwaka wa kwanza kazi ya nje haiko. Vijana wengi wanakuja wakifikiria watajilipia wenyewe wakifika, wanaishia kufanya kazi ya magendo, wanapoteza status, hapo hata harambee haiwezi kukusaidia.

Kama familia iko na pesa kweli basi atafute majimbo ambayo hayana ile pengo kubwa. Huku Minnesota ziko koleji kadhaa za Minnesota State ambazo hazitofautishi bei, mtu wa nje na mtu wa hapa wanalipa sawa. Baridi ndio watakulipisha. Lakini asikuje kwa sababu ya bei ya 46 ya mtu mwingine.

kijana_wa_Makorora

Asanteni sana wakuu, hapa nimekaa naandika kwenye karatasi.

Mama Kimara, mke wangu ana digrii ya ualimu, kasoma chuo kikuu Dodoma, masomo ya biolojia na kemia, kafundisha sekondari kabla hatujaja. Nilidhani hiyo ndiyo itatusaidia?

mama_wa_Kimara

Ndiyo hapo nilipokuwa naogopa. Pole mdogo wangu lakini bora ulijue leo.

Pell haitolewi kwa mtu mwenye digrii ya kwanza, na hawajali digrii ni ya Dodoma au ya Harvard, digrii ni digrii. Na usithubutu kuificha kwenye FAFSA ili apate, kuna watu wanashauriana hivyo kwenye magrupu ya WhatsApp, ile fomu unaisaini kisheria na nyie ni watu wa grinkadi, msichezee. Hizi programu mpya za bure nazo nyingi zinakataa mwenye digrii, MassReconnect ya Massachusetts hivyo hivyo. Anachoweza kupata kwa FAFSA ni mkopo wa serikali tu.

Kwa hiyo hesabu ya mkeo ni hii, Pell toa. Akisoma fulltaimu akiwa mkaazi ni 4,800 na fii zake, za mfukoni. Na nikiri hapo shemeji anapata pumzi kidogo kwa sababu ile ruzuku ya California, ninavyoijua, haimbagui mwenye digrii. @pwani_hadi_pwani nisahihishe.

pwani_hadi_pwani

Uko sahihi dada, haimbagui. Huku darasani nilikuwa na watu wana digrii zao na wanasoma kwa hiyo ruzuku. Lakini bado ni baada ya mwaka na siku moja, na bado kodi ya nyumba. Mimi msimamo wangu haujabadilika, wasihame kwa sababu ya ada. Wakihama kwa sababu wanataka jua na ndugu, hiyo sawa.

mama_wa_Kimara

Haya naendelea, maana digrii inafunga mlango huu na kufungua ule.

Ana biolojia na kemia. Apeleke transkripti zake zikafanyiwe tathmini ya somo kwa somo, WES au shirika lingine ambalo koleji inalikubali, asichukue ile ya jumla ya bei rahisi maana inasema tu "huyu ana digrii" na haionyeshi krediti. Ikikaa vizuri anaweza kusamehewa masomo ya kawaida, saikolojia, sosholojia, labda kemia. Kila krediti wanayomkubalia ni dola 210 imebaki mfukoni na wiki kumi na kitu za maisha yake. Ila anatomia na fisiolojia na maikrobiolojia shule nyingi za unesi zinataka ziwe za karibuni, kama alisoma zamani atarudia.

Halafu asianze fulltaimu. Kabla ya kuingia unesi wenyewe kuna masomo ya awali, hayo achukue mawili mawili jioni ukiwa hujaenda kazini, krediti 7 au 8 kwa semista, ni kama dola 1,500 na ushee, mnalipa kwa awamu, koleji zina mpango wa awamu. Wakati wa kujaza fomu za kodi ya mapato dai Lifetime Learning Credit, inakupa asilimia 20 ya ada uliyolipa, na hiyo haiulizi kama una digrii. Ada ya 3,000 inakupunguzia kodi 600, ilimradi mna kodi ya kupunguziwa.

Na njia niliyopita mimi, kwanza nilichukua CNA, cheti cha msaidizi wa nesi, nikaingia nyumba ya wazee yenye chama cha wafanyakazi cha 1199SEIU. Kile chama kina mfuko wa mafunzo kwa wanachama kwenye sehemu ambazo mwajiri anauchangia, ukishafanya kazi muda wao unaotaka wanakusaidia ada ya unesi, na wao hawakuulizi ulisoma nini Dodoma. Hata ile ada ya CNA yenyewe mtu akiajiriwa na nyumba ya wazee ndani ya mwaka mmoja tangu amalize anaweza kurudishiwa, ni sheria, watu hawaidai tu. Kazi yenyewe sikufichi ni ya mgongo, kumgeuza mzee wa kilo mia saa kumi alfajiri, lakini pale ndipo nilipojua kama unesi nautaka kweli.

Kingine ambacho hujakiuliza. Wewe una digrii?

kijana_wa_Makorora

Sina, mimi form six na cheti cha ufundi umeme VETA.

mama_wa_Kimara

Basi anayepaswa kupata Pell nyumba hiyo ni WEWE. Umekaa unahangaikia ada ya mwenzio kumbe ya bure imelala mlangoni kwako. Hata ukisoma krediti 9 kwa sababu ya shifti, wanakupa kwa uwiano, 9 kwa 12 za fulltaimu ni robo tatu, kama kiwango chako ni cha juu hiyo ni kama dola 5,546 kwa mwaka na ada yako ya krediti 9 kwa semista mbili ni 3,780. Kuna fani za umeme, kiyoyozi, kompyuta, tafuta. FAFSA inaangalia kipato cha mwaka wa kodi wa miaka miwili nyuma, nyie mlikuwa Tanzania, kwa hiyo unaandika mshahara wa kule ukiugeuza dola. Usiache wazi ukasema sikuwa Marekani.

mzee_wa_hesabu_NJ

Nimesoma yote, ushauri mzuri ila mnanichekesha kitu kimoja, mnahesabu dola za krediti hamhesabu miaka. Mwanamke ana digrii ya sayansi mnampeleka CNA, halafu masomo mawili mawili, halafu foleni, halafu miaka miwili ya unesi, mpaka awe RN, nesi kamili mwenye leseni, mtoto kaingia darasa la tatu. Kila mwaka anaochelewa ni mshahara wa RN mzima ameupoteza, huo ndio gharama kubwa kuliko ada zote mlizoandika hapo juu. Kuna programu za BSN, digrii ya unesi, za haraka kwa watu wenye digrii tayari, miezi 12 mpaka 18. Akope, asome, amalize, alipe.

mama_wa_Kimara

Mzee nakuheshimu lakini hizo za haraka nyingi ni za vyuo binafsi, ada yake ni makumi elfu, na nyingi wanakuambia usifanye kazi wakati wa masomo. Nyumba inayoishi kwa mshahara mmoja wa ghala nani analipa kodi hiyo miezi 18? Na hata hizo zinadai anatomia na maikro kwanza. Atazisomea wapi kwa bei ya binadamu? Komyuniti koleji. Kwa hiyo mwaka wa kwanza njia zetu ni moja, tutagombana mwaka wa pili.

mzee_wa_hesabu_NJ

Hapo sawa. Ila kabla hajalipia somo hata moja aandikie ile programu anayoitaka awaulize somo hili la koleji fulani mnalikubali, na jibu alihifadhi kwa maandishi. Krediti iliyokataliwa ndiyo krediti ghali kuliko zote.

papa_wa_Bukavu

Jambo ndugu zangu. Miye niko Louisville, Kentucky, nasema kidogo tu juu ya ile chuo ya privé.

Mukwe wangu alisaini karatasi kama hizo, ofisini, siku moja, walimuletea na kahawa. Minerval, ile ada, yote ikawa deni. Alipotaka kuendelea kwa koleji ya serikali ile krediti zake zikakataliwa, akaanzia sifuri na deni liko pale pale. Kwa hiyo mama asisaini kitu siku ileile. Aulize vitatu: chuo kina akreditasyo gani, koleji ya serikali ya jirani inakubali krediti zao ao hapana, na wanafunzi wangapi walishinda NCLEX mwaka jana, hiyo namba si siri, jimbo linaitangaza. Wakianza kuzunguka na maneno, arudi nyumbani.

Huku kwetu koleji za jimbo ziko na bei moja Kentucky yote, haiulizi kaunti, na kuna Work Ready, musaada wa ada wa jimbo, inalipa fani za afya na ufundi kwa mutu hana digrii, mpaka krediti 60. Papa mwenye VETA angeipata. Lakini sisemi muhame na ninyi, shemeji wa San Diego anatosha.

kijana_wa_Makorora

😂 Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Wife kasoma hii mada yote, zile karatasi za chuo cha binafsi ameziweka pembeni mwenyewe bila mimi kusema. Tumekubaliana tunabaki, yeye anafuatilia transkripti kutoka Dodoma mimi najaza FAFSA wikendi hii. Mpwa nimemtumia ujumbe wa dada wa Minnesota kama ulivyo, kanijibu "sawa mjomba" tu, sijui kanuna.

Mama Kimara, kesho nikitoka shifti napitia ofisi ya kaunti White Plains kuchukua kile cheti cha ukaazi tuwe nacho mapema. Niende na nini?

mama_wa_Kimara

Kesho ya nini? Kwanza hamjatimiza mwaka. Pili cheti kikitolewa zaidi ya siku 60 kabla masomo hayajaanza hakifai, na ukichelewa zaidi ya siku 30 baada ya kuanza hakifai pia. Semista ya Januari inaanza mwishoni mwa mwezi, kwa hiyo nendeni mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mbebe mkataba wa nyumba, bili ya umeme au stetimenti ya benki ya mwanzo kabisa mliyopata hapa na ya karibuni, kitambulisho, na ile fomu ya kiapo isainiwe mbele ya notari. Bili ziwe na jina lake yeye anayesoma, si lako peke yako, kwa hiyo kama umeme una jina lako tu piga simu kampuni ya umeme leo waongeze jina la mkeo. Na kile cheti ni cha mwaka mmoja, mwakani unakiomba tena.

kijana_wa_Makorora

Umeme una jina la mwenye nyumba. Akaunti ya benki nayo ni yangu peke yangu. Kesho asubuhi tunaenda benki wote watatu.